Kupaka Rangi na Kuziba Ngozi Yenye Nakshi kwa Brashi ya Hewa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mafundi wa ngozi wa Nairobi wanaochonga nakshi kwa mkono kwenye mishipi, ala za visu, majalada ya vitabu, mikoba na ndara, na ambao wanataka kupuliza rangi, pamoja na dawa ya kuziba (utando wa kuilinda rangi hiyo), badala ya kupaka kwa sponji au kitambaa. Maswali yana nambari. Pale ambapo jambo limekwisha kuelezwa, msomaji anaelekezwa kwenye nambari yake.

## Mambo ya msingi

1. Brashi ya hewa ni nini, na inatofautianaje na bunduki ya kupulizia magari?

Ni kifaa kidogo kinachoshikwa kwa vidole. Hewa iliyoshindiliwa hupita kwa kasi penye tundu jembamba, huivuta rangi kutoka kwenye kikombe na kuivunja kuwa ukungu. Ndani ya tundu hilo mna sindano ndefu inayofungua na kufunga njia ya rangi. Tundu la brashi ya hewa huwa na upana wa milimita 0.2 hadi 0.5, ilhali bunduki za magari zinazouzwa kando ya barabara ya Kirinyaga huwa na milimita 1.3 au zaidi. Bunduki kama hiyo huijaza mikato ya nakshi rangi kabla fundi hajaondoa kidole.

Tafuta brashi ambayo kitufe chake hufanya kazi mbili, yaani ukikibonyeza hewa hutoka, na ukikivuta nyuma rangi hufuata kwa kiasi unachotaka. Zile za kazi moja ni rahisi kujifunza lakini hazina uwezo wa kufifisha rangi pole pole, na kwa kazi ya nakshi hiyo ndiyo faida kubwa ya kifaa chenyewe.

2. Sponji na kitambaa vina kasoro gani?

Havina kasoro kwa mshipi mtupu wa rangi moja, na kwa kazi hiyo fundi wa sponji atamaliza mapema kuliko wa brashi. Tatizo huanza panapokuwa na nakshi. Sponji hugusa miinuko kwanza, kisha husukuma rangi iliyozidi ndani ya mikato, ambako hukusanyika na kukauka ikiwa na madoa. Pia huiburuta rangi iliyokwisha kupakwa, hivyo nyekundu ya ua huingia kwenye kijani cha jani.

Brashi ya hewa haigusi ngozi. Inaweza kutoa kahawia inayoanza nzito pembeni na kuyeyuka hadi rangi ya asili katikati, na inaweza kupuliza kutoka upande mmoja tu ili kivuli cha nakshi kikae mahali pake (tazama swali la 12). Udhaifu wake ni kwamba rangi haipenyi sana. Mshipi uliopulizwa ukikwaruzwa kwa kina, weupe wa ngozi huonekana upesi kuliko kwenye mshipi uliochovywa. Kwa sababu hiyo, kingo na upande wa nyuma ni vyema vipakwe kwa mkono hata kama uso umepulizwa.

3. Ni ngozi ipi inayofaa?

Ni ngozi iliyotengenezwa kwa magome au mimea. Hiyo ndiyo inayokubali kuchongwa ikiwa na unyevu na kuihifadhi alama ya muhuri baada ya kukauka. Hapa Kenya tanini, yaani dawa ya mimea ya kutengenezea ngozi, hutoka hasa kwenye magome ya miwati, mti wenye asili ya Australia uliopandwa katika nyanda za juu. Kwa mishipi na ala za visu, tafuta unene wa milimita 3 hadi 4.

Wauzaji hutofautiana kwa uaminifu, kwa hiyo usinunue ngozi nzima kabla ya kuomba kipande cha pembeni. Kikate na utazame ukingo: ngozi ya magome huwa na rangi ya maziwa ya chai au kahawia hafifu kutoka juu hadi chini, na ya kromu, yaani iliyotengenezwa kwa chumvi za kromu badala ya mimea, ikiwa haijatiwa rangi huwa na ukijivu au ubuluu katikati. Weka tone la maji juu ya uso: likinywewa na kuacha doa jeusi linalotoweka likikauka, uso haujazibwa. Ukiwa bado na shaka, tumbukiza kipande chembamba kwenye maji yanayochemka. Ngozi ya magome hujikunja na kusinyaa upesi; ya kromu iliyotengenezwa vizuri hustahimili.

4. Je, ngozi ya kromu haiwezi kupulizwa kabisa?

Inaweza kupulizwa rangi ya akriliki ikiwa uso wake umesafishwa kwanza kwa asetoni ili kuondoa umaliziaji wa kiwandani. Isichoweza ni kuchongwa, na ukurasa huu unahusu ngozi iliyochongwa.

## Vifaa na rangi

5. Ninunue tundu la ukubwa gani?

Kwa kuanzia, milimita 0.3 yenye kikombe juu yake, kwa sababu kikombe cha juu huhitaji presha ndogo na hakipotezi rangi. Ukiweza kuongeza ya pili, chukua ya 0.5 kwa ajili ya kuziba na kwa rangi zenye chembe za dhahabu au fedha, ambazo huziba matundu madogo. Ya 0.2 hupendwa na wanaochora nyuso za watu; mchonga nakshi haihitaji sana.

6. Kompresa ya gereji au ya kujaza magurudumu itafaa?

Ya gereji inafaa, mradi iwe na kidhibiti cha presha na chujio la maji. Brashi ya hewa hutumia presha ya psi (pauni kwa inchi ya mraba) 15 hadi 30, na kompresa ya gereji hujaza tangi lake hadi zaidi ya 100, kwa hiyo bila kidhibiti utaharibu kazi kwa mpuliziko wa kwanza. Chujio ni la lazima kwa sababu hewa inaposhindiliwa unyevu wake hugeuka maji, na tone moja la maji juu ya rangi ya spiriti ambayo haijakauka huacha duara lisilofutika. Fungua kizibo cha chini ya tangi kila jioni maji yatoke.

Ile ndogo ya kujaza magurudumu, inayochomekwa kwenye gari, haina tangi, hivyo hewa yake hudunda na mstari wa rangi hudunda nayo. Tahadhari nyingine ni kwa wanaoletewa vifaa kutoka Marekani: kompresa ya volti 120 ikichomekwa moja kwa moja kwenye stima yetu ya volti 240 huungua.

7. Stima ikipotea katikati ya kazi nifanye nini?

Kompresa yenye tangi la lita 3 itakupa muda wa kumalizia tabaka unalopuliza na kusafisha sindano, na usafishaji ndio muhimu zaidi, kwani rangi ya akriliki ikikauka ndani ya tundu hugharimu saa nzima kuitoa. Mafundi wa zamani walitumia gurudumu la akiba la gari lililojazwa hewa, likiunganishwa kwa mpira wenye kiungio cha valvu. Njia hiyo bado inafanya kazi, ila presha hushuka kadiri unavyotumia na lazima uitazame.

8. Nitumie rangi ya aina gani?

Kuna aina mbili ambazo fundi anapaswa kuzitofautisha kabla ya jambo lingine lolote, kwa kuwa makosa mengi hutokana na kuzichanganya.

Ya kwanza ni rangi ya kupenya, iliyoyeyushwa katika spiriti au katika maji. Hii huingia kwenye nyuzi za ngozi na huacha vinyweleo na mikato vikionekana. Ni angavu, maana yake rangi ya chini huonekana kupitia ya juu, na ngozi yenyewe ndiyo weupe wako. Ya spiriti hukauka upesi na kupita kwenye brashi bila shida kwa sababu ni nyepesi tayari. Ya maji hukauka polepole, huiloanisha ngozi, na hutoa rangi iliyopoa kidogo, lakini ni salama zaidi kwa anayefanya kazi chumbani.

Ya pili ni rangi ya kufunika, ambayo kwa ngozi huwa ni akriliki laini iliyotengenezwa ili ipinde. Hukaa juu ya ngozi, kwa hiyo nyeupe, manjano na samawati huonekana wazi hata juu ya kahawia. Kampuni za Marekani kama Fiebing's na Angelus hutengeneza aina zote mbili, na chupa zao hupatikana kwa wauzaji wa vifaa vya viatu na kwa kuagiza. Akriliki ya wachoraji wa turubai haina ulaini huo na hufanya nyufa kwenye mshipi. Punguza akriliki ya ngozi kwa maji kidogo kidogo hadi itiririke kama maziwa mabichi, kisha ichuje kwa soksi nyembamba ya kike kabla ya kuitia kikombeni.

Ushauri wetu ni kutumia ya kupenya kwa sehemu kubwa ya kazi na kuiachia akriliki pale tu ambapo ngozi haiwezi kutoa rangi inayotakiwa. Nakshi iliyofunikwa yote kwa akriliki hufanana na plastiki, na mteja aliyelipia ngozi huliona hilo hata kama hawezi kulieleza.

9. Naweza kupunguza rangi ya spiriti kwa spiriti ya dukani?

Ndiyo, ikiwa ni safi. Spiriti iliyotiwa rangi ya zambarau au buluu itaharibu manjano na rangi nyingine hafifu, na baadhi ya spiriti za kusafishia vidonda huongezwa mafuta ambayo huzuia rangi isishike. Jaribu kwenye kipande cha ngozi. Usipunguze rangi ya akriliki kwa spiriti. Huganda ndani ya kikombe.

## Kuitayarisha ngozi

10. Baada ya kuchonga, ngozi ikauke kwa muda gani, na mafuta hupakwa lini?

Saa 24 mahali penye hewa na kivuli. Kuanzia Juni hadi Agosti, na wakati wa mvua za Machi hadi Mei, iache saa 48, kwa sababu ngozi nene hukauka juu huku ndani ikiwa bado na maji. Usiianike juani wala karibu na jiko, kwani ngozi ya magome hubadilika rangi kwa jua na hukakamaa kwa moto. Ngozi yenye unyevu hunywa rangi kwa namna isiyolingana, na ikizibwa kabla ya wakati huleta tatizo la swali la 19.

Mafuta ya kwato za ng'ombe, au mafuta mengine ya ngozi, yapakwe kidogo baada ya rangi ya kupenya kukauka na siku moja kabla ya kuziba. Yakipakwa mengi kabla ya rangi, husukuma rangi pembeni. Kumbuka kwamba mafuta hutia giza, kwa hiyo pima kina cha rangi kwenye kipande cha majaribio kilichopakwa mafuta pia.

11. Kwa nini ngozi yangu ina madoa ya buluu nyeusi kabla hata sijaipaka rangi?

Ni chuma. Tanini iliyomo katika ngozi ya magome hukutana na vumbi la chuma kwenye unyevu, na vyote viwili hufanya rangi nyeusi. Warsha nyingi za Kariokor na Gikomba ziko karibu na mafundi wa vyuma wanaosaga na kukata siku nzima, na vumbi lao husafiri. Hata chembe kutoka kwenye nyundo au muhuri wenye kutu hutosha. Funika ngozi unapoichonga, na ufanyie kazi juu ya jiwe la marumaru badala ya bamba la chuma.

Doa likiwa jepesi, maji ya ndimu yaliyochanganywa na maji ya kawaida hulifuta. Likiwa sugu, asidi ya oksaliki iliyoyeyushwa kidogo katika maji ina nguvu zaidi, lakini ni sumu, hivyo vaa glavu. Baada ya hapo futa uso wote kwa maji safi ili usawa wa rangi usipotee, na urudie muda wa kukauka wa swali la 10.

## Kupuliza

12. Nifanyeje ili rangi iinue nakshi badala ya kuizika?

Hili ndilo swali linalostahili jibu refu kuliko yote. Nakshi huonekana kwa sababu mwanga huangukia mwinuko na kukosa bonde. Ukipuliza wima kutoka juu, mwinuko na bonde hupata rangi sawa, na nakshi yako hufifia kwa jicho ingawa bado ipo kwa kidole. Kwa hiyo anza na tabaka jepesi la rangi ya msingi, ukipuliza wima, hadi ngozi iwe na rangi moja hafifu. Ikauke dakika 10 hadi 15.

Kisha amua mwanga unatoka wapi, tuseme juu kushoto, na usibadilishe uamuzi huo hadi mwisho wa kipande. Ilaze brashi karibu na ngozi, pembe ya nyuzi 30 hivi, na upulize rangi nzito kidogo kutoka upande ulio kinyume na mwanga. Ukungu utagonga ukuta mmoja wa kila jani na ua na kuuruka mwingine. Majani ya mtindo wa Sheridan, uchongaji wa ngozi kutoka Wyoming huko Marekani, yenye mizunguko na kingo zilizokandamizwa, huonyesha jambo hili vizuri. Hali kadhalika mawaridi na minyororo ya milango ya Lamu ikihamishiwa kwenye ngozi. Mwisho, rudi kwenye mandhari ya nyuma, yaani sehemu iliyopigwa mihuri ili ishuke, na uipe giza kwa mistari myembamba ukiwa sentimita 2 hadi 3 kutoka kwenye ngozi.

Kila tabaka liwe hafifu kiasi cha kukutia shaka kama limekaa. Rangi ya kupenya haiondoleki, na tabaka la nne linaweza kuongezwa wakati wowote.

13. Presha na umbali viwe kiasi gani?

Rangi ya spiriti: psi 15 hadi 20. Akriliki iliyopunguzwa: 20 hadi 30. Kwa mistari na vivuli vidogo, sentimita 2 hadi 5; kwa kufifisha pembe za mkoba, 10 hadi 15. Anza kusogeza mkono kabla ya kuvuta kitufe, na uachilie kitufe kabla ya mkono kusimama, vinginevyo kila mstari utakuwa na nukta mwanzo na mwisho.

14. Rangi zifuatane vipi? Mteja anataka bendera ya Kenya kwenye mshipi.

Kanuni ya jumla ni hafifu kwanza na nzito baadaye, kwa sababu ya uangavu ulioelezwa katika swali la 8. Bendera, hata hivyo, huivunja kanuni hiyo kidogo, kwa kuwa nyeupe haiwezi kupatikana kwa rangi ya kupenya.

Puliza nyekundu na kijani kwanza kwa rangi ya kupenya, kila moja ikiwa na kiolezo chake, kisha nyeusi. Acha mistari miwili ya nyeupe ikiwa ngozi tupu. Nyekundu ya spiriti ndiyo rangi inayohama kuliko zote, kwa hiyo isugue kwa kitambaa kikavu hadi kitambaa kitoke safi, kisha puliza tabaka moja jepesi la dawa ya kuziba juu ya kila kitu. Likikauka, ndipo upulize nyeupe ya akriliki katika matabaka matatu au manne. Bila kizuizi hicho cha kati, nyeupe yako itakuwa ya waridi baada ya muda. Ngao na mikuki imaliziwe kwa brashi ya nywele. Hakuna kiolezo kidogo kiasi hicho kwenye mshipi.

15. Violezo nitengeneze kwa nini?

Picha kuukuu za eksirei ni nzuri: hazinywi rangi, hupinda kufuata ngozi na hukatika kwa wembe. Vikate mezani, kamwe si juu ya ngozi. Utepe wa karatasi hung'oa uso wa ngozi ukiachwa kwa saa nyingi. Upunguze nguvu kwanza kwa kuubandika na kuubandua kwenye nguo yako.

16. Nyeusi yangu hutoka na mng'ao wa shaba. Kwa nini?

Rangi imezidi kile ambacho ngozi inaweza kunywa, na kilichobaki juu ni unga mkavu. Usugue wote utoke kabla ya kuziba, au utachafua suruali za wateja. Ukitaka nyeusi iliyozama bila unga, loweka waya laini ya chuma ya kusugulia sufuria ndani ya siki kwa siku kadhaa, katika chupa ambayo haijafungwa kabisa kwa sababu hutoa gesi, kisha ichuje na uipake kwa brashi ya nywele. Ni mwitikio ule ule wa swali la 11, safari hii kwa kutaka. Baadaye futa kwa maji yenye soda kidogo ya kuokea ili kupunguza asidi, kisha paka mafuta. Usitie maji hayo kwenye brashi ya hewa, kwani asidi yake hula metali.

## Brashi inapokataa

17. Inatema matone, inatoa mapovu kikombeni, au rangi inatua ikiwa unga. Shida iko wapi?

Matone hutokana na rangi nzito, presha ndogo, au rangi iliyokauka kwenye ncha ya sindano. Ifute ncha kwa pamba yenye spiriti kila baada ya dakika chache unapotumia akriliki. Mapovu kikombeni humaanisha hewa inarudi nyuma: kaza kichwa cha brashi, na ikiendelea, chunguza kama tundu lina ufa. Rangi ikikimbia pembeni katika vijito vyembamba, uko karibu mno au umevuta kitufe sana. Ikitua ikiwa unga unaofutika kwa kidole, imekauka hewani kabla ya kufika, jambo la kawaida mchana wa Januari na Februari. Sogea karibu, punguza presha, au fanya kazi asubuhi. Mpuliziko ukielekea upande mmoja daima, sindano imepinda. Nunua nyingine.

Kusafisha hufanywa kwa kile kilichoyeyusha rangi: spiriti kwa spiriti, maji kwa akriliki. Unapohama kutoka aina moja kwenda nyingine, pitisha maji safi katikati, la sivyo mabaki huganda kama ilivyoelezwa katika swali la 9.

## Kuziba

18. Kuziba hufanywaje kwa brashi ya hewa?

Kwa maoni yetu, hapa brashi ya hewa ina thamani kuliko hata kwenye rangi. Sponji yenye dawa ya kuziba huamsha rangi ya chini na kuiburuta, na pia hutengeneza povu ambalo hukauka jeupe ndani ya mikato. Ukungu wa hewa haufanyi lolote kati ya hayo.

Sugua kazi kwa kitambaa kikavu hadi rangi isitoke tena. Chukua dawa ya kuziba ya akriliki, mfano wake ukiwa Resolene ya Fiebing's, uichanganye na maji nusu kwa nusu, na uitie kwenye brashi ya 0.5 kwa psi 25 hadi 30. Ukiwa sentimita 15 hadi 20, puliza tabaka la kwanza likiwa vumbi tu la unyevu. Kazi yake ni kuifunga rangi mahali ilipo. Baada ya dakika 20 au 30, puliza la pili ukivuka mwelekeo wa la kwanza, kisha la tatu. Matabaka matatu hadi manne yanatosha. Tazama mikato kwa pembeni kwenye mwanga: ikiwa dawa imetuama, ifyonze kwa ncha ya tishu kabla haijakauka. Acha saa 24 kabla ya kukunja au kushona.

19. Nimeziba wakati wa mvua na uso una ukungu mweupe, au unanata. Unaponyeka?

Ukungu ni maji yaliyonaswa chini ya utando, ama kutoka kwenye ngozi ambayo haikukauka au kutoka hewani. Vanishi zenye tina (kiyeyusho cha rangi) huathirika zaidi, kwa kuwa tina inaporuka hupoza uso na unyevu hutua juu yake. Ukiwa hafifu, siku mbili tatu kwenye chumba kikavu chenye hewa huuondoa. Kunata hutokana na matabaka yaliyofuatana upesi. Subiri, usiongeze jingine. Asubuhi ya Aprili kukiwa na manyunyu, ni heri kuchonga na kuacha kuziba hadi saa nane mchana.

20. Vanishi ya magari ya kuchanganya na kigumisho itang'aa zaidi. Niitumie?

Hapana. Imetengenezwa kwa bati lisilopinda, na kwenye mshipi hufanya nyufa mahali pa kwanza utakapokunjwa. Kubwa zaidi, kigumisho chake kina isosayaneti, kemikali inayoweza kumwachia fundi pumu ya kudumu.

21. Na nta, au polishi ya viatu?

Ni nzuri kama tabaka la mwisho juu ya akriliki, au peke yake kwa kazi isiyokutana na mvua. Polishi ya kahawia ikisuguliwa na kufutwa hubaki kwenye mikato na kuitia giza, jambo linalopendeza. Lakini hakuna rangi wala dawa ya kuziba itakayoshika juu ya nta, kwa hiyo hakikisha umemaliza kila kitu.

22. Mshipi umefanya nyufa kwenye matundu baada ya kuvaliwa kidogo tu.

Utando ni mnene mno, au ngozi ilikosa mafuta. Matundu yatobolewe kabla ya kupuliza, na sehemu hiyo ipewe matabaka mawili tu.

## Usalama

23. Barakoa ya kitambaa inatosha?

Haitoshi, hata ile ya hospitali. Huzuia matone makubwa lakini hupitisha mvuke wa spiriti na tina. Unahitaji barakoa ya mpira yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, ambavyo kwa mpangilio wa Ulaya huwa na mkanda wa kahawia, pamoja na kichujio cha chembe mbele yake. Akriliki ya maji nayo, ikishakuwa ukungu, haifai mapafuni.

Mvuke wa spiriti huwaka katika joto la kawaida la chumba. Mnamo Julai warsha nyingi huwasha jiko la makaa ili kupata joto. Siku ya kupuliza jiko likae nje. Feni inayovuta hewa nje isiwe na cheche. Mabaki ya spiriti na rangi yakusanywe kwenye mkebe wenye kifuniko, yasimwagwe kwenye mtaro, kwa kuwa mitaro ya mjini huishia mto Nairobi.

## Hali za pekee

24. Ndara zilizopulizwa huchafua miguu. Nizibe zaidi?

Kuziba zaidi hakusaidii, kwa sababu jasho na msuguano huumaliza utando wowote kwenye wayo. Puliza rangi kwenye mikanda ya juu pekee, na eneo linalogusa mguu liachwe na rangi ya asili, lipakwe mafuta na nta.

25. Ngozi mbili za rangi moja zimetoka tofauti kwenye mkoba mmoja.

Kila ngozi hunywa kwa namna yake, na hata tumbo na mgongo wa ng'ombe mmoja hutofautiana. Kata sehemu zote zinazoonekana kutoka ngozi moja. Ikiwa umechelewa, ipulizie ile hafifu tabaka moja moja ikiwa kando ya nzito, mchana, si chini ya balbu ya manjano.

26. Naweza kurekebisha mkwaruzo kwenye kazi iliyokwisha zibwa?

Kidogo, ndiyo. Safisha mahali hapo kwa pamba ya kijiti yenye asetoni hadi mng'ao utoweke, bila kuvuka mkwaruzo wenyewe. Tia rangi kwa brashi ndogo ya nywele ndani ya mkwaruzo, kwani ukungu wa hewa ungeenea hadi kwenye ngozi iliyo nzima, na ikikauka puliza dawa ya kuziba eneo pana kidogo kuliko lililosafishwa ili mpaka usionekane. Mkwaruzo ukiwa umekata uso wa ngozi hadi nyuzi, sehemu hiyo itanywa rangi zaidi na kubaki nyeusi; mwambie mteja kabla ya kuanza.